Deki Iliyokunywa Gongo

Leo nimepatikana. Asubuhi kweupe, sebuleni kwangu mwenyewe, mbele ya mchungaji na wazee wa kanisa, tena nikiwa na shati la Krismasi. Nawaandikia ninyi wanakwaya wenzangu mliokimbilia Geita kutafuta dhahabu, kabla habari haijapanda basi hapa Kahama ikawafikia huko imetiwa chumvi. Haihitaji. Ina chumvi yake ya kutosha.

Mnalikumbuka tamasha letu la mavuno, lile la uwanja wa shule? Mgeni mmoja wa misheni alilipiga lote kwa kamera kubwa ya begani, na wiki hii ameniletea kanda yenyewe. Si nakala! Mnajua ninavyozichukia nakala za nakala: mwimbaji hana pua, mpiga gitaa amekuwa mchirizi. Hii ni kanda mama. (Niliinusa. Ilinukia upya. Baadaye mtaona kwa nini natamani harufu ya siku ya leo ingeishia hapo.)

Kanda ilikuwa na kazi nzito. Kwaya imealikwa kwenye tamasha Shinyanga mjini, na bila baraka za wazee hatuendi. Kikwazo ni Mzee Masanja. Anasema tangu tupate ngoma tunatikisa mabega kama Wagika na Wagalu, wale wa ngoma za Kisukuma, wanaposhindana kucheza, na mambo hayo abaki nayo mcheza ngoma, si mwimbaji wa kanisani. Mchungaji Mabula akatoa wazo: wazee waje kwangu, waitazame kanda, waamue palepale.

Nikajitapa. "Mchungaji, kwa deki yangu ya video mtaona mpaka jasho la mwimbaji!"

Leo asubuhi nikaijaribu. Chenga tupu! Sauti safi, picha uji. Vumbi la Kahama lilikuwa limeingia hadi kwenye kichwa cha deki, kile kinachosoma kanda. Akina dada wa sauti ya kwanza walionekana kama kuku walionyeshewa mvua. Watazamaji wa mstari wa mbele walikuwa kama magunia ya pamba yanayosubiri lori.

Dawa yake naijua: unafungua deki, unachukua pamba na spiriti, unasugua kichwa taratibu. Pamba ilikuwepo. Spiriti imekwisha. Nikakimbia dukani kwa Mzee Premji. Pamefungwa, familia nzima imekwenda harusini Mwanza. Nikarudi mbio. Wazee wako njiani.

"Baba Kulwa," mke wangu akasema, "hakuna kitu kingine kinachowaka kama spiriti?"

Tukatazamana. Kisha tukautazama ukuta. Nyuma ya ukuta ule anakaa Mama Nkwimba, na mtaa mzima unajua anapika nini kwenye pipa lake. (Sisi wa kanisani hatujui. Tunajua tu kwamba hatujui.)

Nikapita uani, nimeinama.

"Baba Kulwa! Leo na wewe?"

"Ni kwa ajili ya kazi, mama."

"Wote husema ni kwa ajili ya kazi. Chukua hii, ya kwanza kutoka. Ukiisogelea na kiberiti, omba toba kwanza. Chupa uniletee, sina nyingine."

Nikasugua. Nikarudisha kifuniko. Nikabonyeza.

Jamani! Ilikuwa kama mtu amefuta dirisha. Niliona vifungo vya mashati. Niliona jino la dhahabu la mpiga ngoma. Niliona jasho! Nikaruka kwa furaha, kiwiko kikaigonga chupa, na gongo yote iliyobaki ikamwagika kwenye shati langu. Shati la pili lilikuwa kwenye kamba, linachuruzika maji. Mke wangu akaniogesha kwa marashi yake. Matokeo yake nikanuka kama mlevi anayekwenda kuposa.

"Hodi humu!"

Wakaingia. Mchungaji mbele, wazee nyuma, Mzee Masanja mwisho na kofia yake yenye unyoya wa kanga, ile asiyoivua mpaka aketi. Nikatoa shikamoo kwa mbali, mikono nyuma. Haikusaidia. Mzee Masanja aliufuata mkono wangu, akaushika kwa mikono yake miwili, akauinamia kidogo. Kisha akaninyanyulia macho.

"Marahaba," akasema, polepole sana.

Sasa sikilizeni ujinga wangu. Mwanga huua picha, hilo nalijua. Kwa hiyo nikafunga madirisha yote na kushusha mapazia. Chumba kidogo, wazee wamebanana, deki inapata joto. Na deki iliyosuguliwa kwa gongo, ikipata joto, inatoa ushuhuda.

Kwaya ikaanza kuimba. Picha safi kama maji ya mtungi. Lakini hakuna aliyetazama picha. Mzee wa kushoto alimnusa wa kulia. Wa kulia akamnusa mchungaji, akajutia kitendo chake, akanigeukia mimi. Mchungaji alitoa leso, akajifanya anapenga kamasi.

"Humu ndani," Mzee Masanja akasema, "kuna mtu amekunywa."

Kwaya peke yake ndiyo iliyoendelea. Nikafungua kinywa nieleze, na wakati huohuo mlango ukafunguliwa, jua likaingia, na Mama Nkwimba akiwa katikati yake.

"Mwangaluka, wazee wangu! Msamaha kidogo. Baba Kulwa, chupa yangu! Nina mtu anaisubiri." Akaiona mezani, akaiinua kwenye mwanga. "Heee! Umemaliza yote? Asubuhi hii? Na bado umesimama wima! Wabeja, hongera, mwanaume!"

Akaondoka na chupa yake, ameridhika. Mlango ukajifunga.

"Si mimi!" nikapiga kelele. "Aliyekunywa ni deki!"

Mzee Masanja akasimama. "Nimekuwa mzee wa kanisa muda mrefu. Nimesikia visingizio vyote: walioumwa meno, waliowekewa na maadui, waliodhani ni maji. Deki sijapata kuisikia."

"Mzee, naapa, nilikuwa nasafisha picha..."

"Na tumbo je, nalo lilikuwa na chenga?"

Wazee wakaangua kicheko. Mimi nilitamani kuingia ndani ya deki na kujirudisha nyuma. Lakini kilichoniuma zaidi kilikuwa kofia: Mzee Masanja alikuwa ameivaa tena. Akiondoka yeye, wote wanaondoka, na Shinyanga tumeikosa kwa sababu yangu. Vijana wamefanya mazoezi tangu mavuno!

"Wazee wangu," mke wangu akasema kutoka mlango wa jikoni, kwa adabu kabisa. "Kabla hamjatoka, mtazameni huyo pale."

Tukageuka. Mwenye kamera alikuwa amewaacha waimbaji na kuwageukia watazamaji. Yale magunia yangu ya pamba ya asubuhi yalikuwa sasa watu wenye nyuso. Na katikati ya mstari wa mbele, ngoma ikiwa imekolea, alisimama mzee mmoja amefumba macho, mabega yanapanda na kushuka, kushoto, kulia, kifua mbele, kama kijana wa Wagalu anayetaka kuwavuta watu wote upande wake. Kichwani ana kofia. Kwenye kofia kuna unyoya wa kanga.

Mchungaji aliitazama kofia ya kwenye televisheni. Akaitazama ya sebuleni.

"Mzee Masanja, yule ni nani?"

"Siwezi kujua. Picha haionekani vizuri."

Jamani, nilikuwa nimeshaumbuka, sikuwa na cha kupoteza. "Mzee wangu, kwa heshima zote, picha hiyo inaonekana mpaka madoa ya unyoya."

Nilidhani atanipiga. Badala yake akavua kofia, akaketi, akaiweka gotini. Akakohoa.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema.

Nikarudisha. Akatazama ameinama mbele, mdomo wazi. "Rudisha tena." Nikarudisha tena. Safari hii mabega yake yalianza kujibu yenyewe, kidogo tu, pale kwenye kiti.

"Bado yapo," akanong'ona. "Nilidhani yaliisha siku nilipobatizwa."

Mchungaji alicheka mpaka akainuka mwenyewe kufungua madirisha. Kisha akainama, akainusa deki juu ya kifuniko, akarudi nyuma ghafla. "Wazee, ndugu yetu amesema kweli. Imelewa chakari."

Uamuzi ukatoka hapohapo: kwaya inakwenda Shinyanga, ngoma zinakwenda, na Mzee Masanja anakwenda pia, kusimamia nidhamu ya mabega. Kwa upande wangu, nimekatazwa kuinywesha deki kitu kingine chochote isipokuwa spiriti ya dukani.

Njooni basi, ninyi wa Geita. Tukutane Shinyanga, sauti ya nne imepwaya bila ninyi. Na wachimbaji wa huko wakiwaambia kwamba Baba Kulwa siku hizi anamaliza chupa nzima asubuhi akabaki amesimama, msicheke. Waambieni tu waje waone picha.