Nyumba Nyepesi na Gari Langu Dogo

Jumatatu, 3 Agosti
Limefika! Tela la kulala. Nyumba nzima juu ya magurudumu mawili, imeegeshwa uani kwangu. Kitanda kinakunjwa, kinakuwa meza. Kuna jiko. Kuna sinki! Nimefungua bomba, nikafunga, nikafungua tena. Aliyebuni haya ana akili za kutisha.

Nimeliazima kwa bosi wangu wa ofisi ya vifurushi, ambaye yuko safarini. Jumamosi nampeleka mama mkwe ziwani. Maisha yake yote hajaliona ziwa, nami nimemwahidi mpaka nimechosha watu. Mke wangu kasema safari hii nikimwangusha mama yake, nisithubutu tena kumwahidi kitu. Kaka yake ndiye atakayempeleka. Kaka yake ana pikapu. Ana pikapu na mdomo.

Jumanne, 4 Agosti
Shemeji kaja bila kualikwa. Kapiga magoti mlangoni mwa gari langu, kasoma kibandiko, kasema gari hili lisivute zaidi ya kilo mia saba. Nikamwambia tela lina mia sita, limeandikwa ubavuni. Kazi yangu ni kupima vifurushi, sifundishwi kilo. Akasema hizo ni za tela tupu. Maji, gesi, vyombo, hata magodoro, vyote vinahesabiwa humo humo.

Wivu mtupu. Gari linavuta tela. Tela linabeba mizigo. Mizigo ya tela inalihusu nini gari? Nimebaki nimeduwaa, mtu mzima kushindwa na jambo jepesi namna hii.

Alhamisi, 6 Agosti
Siku ya kupakia. Tenki la maji, pomoni. Mitungi miwili ya gesi. Masufuria yote. Mama mkwe kaleta cherehani yake ya chuma, kasema haiachi nyumbani peke yake. Tela limemeza vyote na bado lina nafasi! Tumbo la ajabu.

Kasoro moja tu. Nilipofunga shingo ya tela kwenye gari, gari likakaa chini kwa nyuma kama mbwa. Nimepata dawa. Kila kizito nimekisukuma mwisho kabisa wa tela. Sasa shingo naiinua kwa kidole. Kidole kimoja, nyumba nzima! Nimemwita mke wangu aone. Kakitazama kidole, kanitazama mimi, karudi ndani.

Jumamosi, 8 Agosti
Tumeondoka kifalme. Majirani wote nje. Mama mkwe kaketi mbele na kofia mpya. Mlima wa kwanza gari limepanda kwa kukohoa, nikalisifu.

Kisha mteremko. Tela likaanza kuyumba. Kushoto, kulia, kila mara zaidi. Nikakanyaga breki. Gari likatii. Tela halikuwa na habari, likatusukuma mpaka tukatoka barabarani, tukaingia kwenye vichaka. Niliogopa, naandika wazi. Sikujua kilo zina nguvu kiasi hicho. Cherehani ilitoka kwa dirisha la nyuma. Hakuna aliyeumia. Mama mkwe kavua kofia, kaiweka mapajani, kaniuliza kwa upole:

“Mwanangu, ziwa liko mbele, au ndiyo tumefika?”

Nilitamani ardhi inimeze. Mke wangu alikuwa tayari anaongea na kaka yake kwenye simu.

Shemeji kafika na pikapu. Kamwaga maji yote, kahamishia kwake nusu ya mizigo, iliyobaki kaisogeza mbele. Kalifunga tela kwenye pikapu, kaondoka nalo na mama mkwe wangu. Neno hata moja hakusema. Afadhali angenitukana. Sisi tukamfuata nyuma.

Jumapili, 9 Agosti
Ziwa. Mama mkwe kasimama ukingoni, viatu mkononi. Maji mpaka macho yanakwama. Miaka yote namwahidi kitu ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona, na sikujua ni kikubwa namna hii.

Baadaye kanishika mkono. “Kumbe hukuwa unanidanganya.”

Nimelia. Shemeji ameona. Basi.

Jumatatu, 10 Agosti
Tela limerudi uani, dirisha limezibwa kwa kadibodi.

Nimewaza usiku kucha na nimeelewa kila kitu. Pikapu ilivuta kwa nini? Kwa sababu ni nzito! Gari langu halina kosa, limepungukiwa uzito tu. Leo nimelijaza viroba vya mchanga, buti mpaka viti vya nyuma. Bampa linagusa ardhi. Limetulia hilo! Sijawahi kuliona na heshima hivyo. Mama mkwe nimeshamwahidi bahari.

Mke wangu kauliza mchanga ni wa nini. Nikamwambia ni wa kulifanya gari dogo liwe kubwa. Katoka nje na simu kumpigia kaka yake. Bila shaka anamtambia.