Kitufe cha Mtiririko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma mwakilishi. Mheshimiwa mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma salamu. Mheshimiwa dereva aliyezileta salamu hizo, na ambaye nimemwomba aketi meza kuu ili kiti kisibaki wazi. Waheshimiwa wajumbe wa Kamati Kuu, Kamati Ndogo, na Kamati ya Kuziangalia Kamati. Wakuu wa idara, wakuu wa vitengo, na makaimu wa wote niliowataja. Watunzi, waimbaji, wapiga gitaa, wapiga kinanda, wapiga ngoma na wapiga picha. Shangazi yake mke wangu, ambaye namwona safu ya mbele na kilemba chake chekundu. Na juu ya wote hao, kwa idhini ya itifaki niliyoiandika mwenyewe asubuhi ya leo, mke wangu mpenzi, nuru ya idara yangu, mwanamke ambaye nikimtazama nasahau ukurasa niliokuwa nasoma. Itifaki imezingatiwa.

(Makofi. Shangazi, kwa sauti: "Itifaki gani, baba? Asubuhi nimegonga mlango wenu mpaka vidole vimeniuma, na kengele nimewapa mwenyewe!" Kicheko.)

Shangazi, suala la mlango tutalishughulikia kiutawala.

Ndugu wanamuziki, nasimama mbele yenu nikiwa watu wawili ndani ya suti moja. Mmoja ni Mkurugenzi wa Idara ya Uchumi wa Sauti. Wa pili ni bwana harusi, na suti yenyewe ndiyo hii niliyoolea, mfukoni bado ina maua yaliyonyauka ambayo sitayatoa hata dobi akinisihi. Nikisema nampenda mke wangu, naomba kumbukumbu za kikao zionyeshe hivyo. Nilimwona mara ya kwanza ofisini kwangu, alipokuja kulalamika. Malalamiko yake hayajashughulikiwa hadi leo, lakini nilimwoa.

(Vigelegele. Mpiga ngoma: "Shemeji, na sisi tulalamike, basi?")

Nirudi kwenye ajenda. Muziki ni uchumi, na uchumi ni muziki, na palipo na vyote viwili panahitajika fremuweki ya kimkakati yenye stekiholda wote mezani, kwa sababu wimbo mmoja siku hizi una wazazi wengi: kuna aliyeutunga, kuna aliyetengeneza mdundo, kuna mwenye studio, kuna mwenye kampuni, kuna mwenye mtandao, kuna mtangazaji wa redio na binamu yake mtangazaji, na wimbo ukipendwa kila mmoja anachukua kipande chake na kwenda zake, mwimbaji anabaki na koo linalowasha. Utafiti wa idara yangu umeonyesha kwamba asilimia mia moja na nne ya wananchi wanapenda muziki. Hizo nne za ziada ni wale walio bado tumboni mwa mama zao.

Chukueni mfano wa mke wangu. Mnamjua wote bila kumjua. Sauti yake imo ndani ya nyimbo zenu, ninyi mlioketi hapa, kwa sababu yeye ndiye anayeimbishwa kiitikio. Mwimbaji anahangaika na beti zake, anajisifu, anataja gari ambalo hana, halafu mke wangu anaingia, na hapo ndipo watu wanaposimama kucheza. Ndiyo maana mtaani anaitwa Bi Kiitikio. Na jina lake kwenye wimbo? Halimo. Na malipo yake? Nauli na soda.

(Mpiga kinanda: "Soda yenyewe ya moto!" Bi Kiitikio: "Na nauli ya kwenda tu.")

Mmesikia? Nauli ya kwenda tu. Nilipoelezwa jambo hilo ofisini nilivua miwani, nikasema, dada, kaa chini. Sasa mwanamke huyu ametunga wimbo wake mwenyewe, ubeti wa kwanza mpaka wa mwisho, na ameurekodi kwa akiba yake. Nimeusikia akipasha sauti jikoni, nimeusikia akianika nguo, na ukinifikia bafuni nasimamisha mswaki mdomoni mpaka umalizike. Ni wimbo wa mtu aliyesimama nyuma ya wengine kwa muda mrefu, sasa anaomba apishwe. Mimi si mtu wa kulia hadharani. Nilipousikia mara ya kwanza nilisema ni vitunguu, na siku hiyo hatukupika.

Lakini kuna kampuni kubwa inautaka wimbo huo. Wakala wao ameketi pale nyuma karibu na mlango, amevaa miwani ya jua ndani ya ukumbi. Karibu sana, ndugu wakala. Mkataba wao nimeusoma, ni mzuri kwa karatasi yake. Unasema wimbo utakuwa mali ya kampuni hapa duniani na kwingine kokote kutakakogunduliwa, na kwamba hata mke wangu akitaka kuuimba jikoni, inabidi aombe kibali.

(Wakala: "Hicho ni kipengele cha kawaida, mheshimiwa." Shangazi: "Kawaida ya kwenu nyinyi!")

Mke wangu alikuwa ameshika kalamu tayari, maana kuchoka kunamfanya mtu atie sahihi popote. Nikamshika mkono. Nikamwambia, mpenzi, subiri, mimi mumeo nakujengea mtiririko. Akasubiri. Alinipa imani yake, kitu ambacho hazina yoyote haiwezi kunipa. Kampuni wamempa mpaka leo. Wimbo ukitoka leo kwa mfumo wetu, ni wake. Usipotoka, anatia sahihi kabla ukumbi huu haujafungwa, kwa sababu kodi ya nyumba nayo haisubiri mapenzi. Mnaona basi, ndugu zangu, uzito wa shughuli hii: si wa kiidara tu, ni wa chumbani kwangu.

Sasa mtiririko ni nini? Wenzetu huko duniani wameacha kuuza kanda na santuri. Wimbo wanauweka mahali mtandaoni, msikilizaji anafungua simu yake, wimbo unamjia kidogo kidogo, na kila anayesikiliza anamwachia mwenye wimbo kitu kidogo. Wao wanaita striming. Idara yangu ilikataa katakata kutumia neno la kuazima. Tulikaa semina, tukatoka tukakaa semina nyingine ya kutathmini ile semina, na hatimaye mimi mwenyewe nikainua mkono, nikasema: mtiririko! Chumba kizima kilipiga meza kwa uzuri wa neno hilo. Nikaandika tangazo la zabuni kwa mkono wangu: anatafutwa mtaalamu wa kuweka mtiririko wa uhakika, usiokatika, kutoka kwenye chanzo hadi kwa mtumiaji. Nililisoma tangazo hilo kwa mke wangu wakati wa fungate, na aliniambia nina sauti nzuri.

(Bi Kiitikio: "Nilikuambia ulale, mume wangu." Kicheko kirefu.)

Mtaalamu aliyeshinda ni mtu makini sana, mtu wa maneno machache. Siku ya kwanza alikuja kazini na buti za mpira.

(Mpiga kinanda: "Buti za mpira kwenye kompyuta?")

Swali zuri; liwekwe kwenye kumbukumbu. Miundombinu yote, ndugu zangu, imekwisha kuzikwa chini ya ardhi, kuanzia barabarani hadi nyuma ya ukumbi huu, kina cha kiuno. Mtaalamu ameniahidi kwa mdomo wake kwamba presha iko juu na kwamba mfumo hautavuja. Ninyi ndio mnaolalamika kila siku kwamba nyimbo zenu zinavuja kabla hamjaziachia. Sasa hazivuji! Kila kiungo amekizungushia utepe mweupe, nimeuona mwenyewe, anatembea nao mfukoni.

(Bi Kiitikio anasimama: "Mume wangu, huo mfumo umeuona kwa macho yako?")

Mpenzi, mkurugenzi haoni. Mkurugenzi anapokea ripoti. Na ripoti inasema mambo yanakwenda vizuri, kwa wino wa rangi mbili.

Kuhusu mapato, idara imeamua kwa moyo mkunjufu kwamba asilimia tisini ziende kwa msanii, asilimia ishirini zibaki idarani, na zile kumi zinazozidi tutaziundia kamati. Waimba viitikio wote watatajwa kwa majina. Soda zitakuwa baridi. Nauli itakuwa ya kwenda na kurudi. Na msanii yeyote atakayeoana na mtumishi wa idara atapewa punguzo, ingawa napenda ieleweke kwamba mimi sikuoa kwa ajili ya punguzo, nilioa kwa sababu alipoondoka ofisini siku ile ya malalamiko, chumba kilikuwa kikubwa ghafla na mimi mdogo, na nikawa nachungulia dirishani kama mtu aliyeibiwa.

(Vigelegele. Wakala anatazama saa.)

Tumefika kileleni. Naomba kitambaa chekundu kiondolewe juu ya boksi lile. Asante. Hiki mnachokiona ni kitufe cha uzinduzi wa Mtiririko. Namwomba mke wangu asogee, akibonyeze kwa kidole chenye pete yangu, na wimbo wake utakuwa wa kwanza kutiririka kwenye kila simu iliyomo humu.

(Bi Kiitikio anabonyeza. Chini ya meza inasikika: ting-tong. Watu wanatazama simu zao.)

Mmesikia! Makofi!

(Shangazi anasimama: "Jamani! Hiyo si kengele ya mlango niliyowapa harusini?")

Shangazi, hicho ni kiolesura, yaani uso wa mfumo.

("Kiolesura nini! Mimi nimenunua, mimi nimefunga karatasi ya maua! Ndiyo maana asubuhi nimegonga kama mdai!" Mpiga ngoma: "Shemeji, kwangu hakuna wimbo." Mpiga kinanda: "Kwangu kuna ujumbe wa kuongeza salio.")

Mfumo mpya unahitaji muda wa kupasha moto. Wakati unapasha, tuseme kaulimbiu yetu. Nikisema mtiririko, mseme utiririke. Mtiririko!

("Utiririke!")

Mtiririko!

("Utiririke!" Nyuma ya ukumbi inasikika sauti ya mwanamume: "Mheshimiwa, nimefungua! Yanatoka! Safi kabisa, kama ya chupa!")

Naam. Yanatoka. Nimalizie kwa shukrani, ambazo nimeandikiwa kwenye kadi hii. Nawashukuru wenzetu wa Idara ya Maji kwa kuidhinisha michoro, jambo ambalo wakati ule niliona ni ushirikiano mzuri wa kiserikali. Namshukuru mtaalamu wetu, ambaye kadi hii inamtaja kama fundi bomba, na ambaye alilisoma neno mtiririko akalielewa kama mtu yeyote mwenye akili timamu angelielewa. Namshukuru aliyeleta mabomba. Namshukuru aliyechimba mtaro. Nawashukuru ninyi wanamuziki wote, ambao kuanzia leo mtapata maji ya kunawa mikono bila kukatika. Namshukuru shangazi kwa kengele, ambayo niliing'oa alfajiri kwa kuwa fedha yote ya mradi ilikuwa imekwisha kuzikwa ardhini na sikutaka uzinduzi ukose mlio. Na namshukuru mke wangu, kipenzi changu, kwa kutotia sahihi, kwa kunisubiri, kwa kuniamini, kwa maana mahali pa kuuweka wimbo wake, kama ninavyousoma ukweli huu pamoja nanyi, hapapo, na hapajawahi kuwapo.

(Ukumbi unalipuka. Wakala anakuja mbele na kalamu: "Dada, hapa chini tu, kwenye mstari." Bi Kiitikio anachukua mikrofoni kutoka mkononi mwa mumewe: "Basi leo naachia!" Shangazi: "Usimwache, mwanangu! Hata zawadi hamjamaliza kuzifungua!" Bi Kiitikio: "Shangazi, naachia wimbo, siyo mume. Kaka, rudisha kalamu mfukoni. Wapiga ala si mpo? Ukumbi si umelipiwa? Naimba hapa hapa. Anayetaka kusikia atoke nje, kisha aingie kwa kiingilio. Na wewe, baba, chukua kengele yako, simama mlangoni. Kila anayelipa, bonyeza. Nataka nisikie wimbo wangu umesikilizwa na wangapi.")

Mke wangu, na asilimia ya idara?

("Idara itapata soda." Mpiga kinanda: "Ya moto!")

Ndugu wanamuziki, bila mikrofoni, nikiwa nimesimama kizingitini na kengele mkononi, napokea uteuzi huu kwa unyenyekevu mkubwa, na natamka rasmi kwamba Mtiririko umezinduliwa, kutoka kwenye chanzo, ambacho ni mke wangu anayekohoa pale kusafisha koo, hadi kwa mtumiaji. Msisukumane. Shangazi, wewe pita bure.

("Silipiwi wala sipiti bure, nalipa! Ni wimbo wa mwanangu!" Ting-tong.)

Mpiga ngoma, wewe unatakiwa ndani, usijifanye mteja. Mheshimiwa dereva, asante, chenji utapata. (Ting-tong.) Fundi bomba, vua buti. (Ting-tong.) Nyamazeni basi jamani, anaanza, anaanza ubeti wa kwanza, na ninyi mnajua ninavyokuwa. Haya, ndugu wakala, mlango ni huu, na wewe vua miwani, lipa, pita.

(Ting-tong.)