Dawa ya Ndovu ya Silvanus

Silvanus hakualikwa kwenye ile semina ya saikolojia pale Voi. Aliingia kula. Lakini pilau ilichelewa, na katika kuingoja akajifunza mambo mawili: mwombe mtu jambo dogo kwanza, kubwa atalitoa mwenyewe, na mtu akishatamka mbele ya watu, ataona haya kurudi nyuma. Wenzake waliyaandika ili wakatatue shida za jamii. Yeye, mvivu asiye na haya, akaona jamii yenyewe ndiyo riziki.

Alipotoka akasikia watu wa Kasigau wakilalamika: ndengu zinakaribia kukomaa, na ndovu washaanza kuzinyemelea.

"Mungu si Athumani!" akajiambia.

Siku tatu baadaye pikipiki yake ikafika Kasigau na chupa thelathini za maji ya mfereji yaliyotiwa buluu ya kufulia nguo. Hakuuza kitu, ng'o! Kwenye mkutano aliwaomba tu watie sahihi karatasi iliyosema, "Nimechoka na ndovu." Nani hajachoka? Wakatia. Akawaomba waliotia sahihi wasimame. Wakasimama.

"Sasa, wazazi wangu, aliyechoka kwa dhati atashindwa na mbuzi mmoja kwa chupa moja?"

Waliosimama wakaona haya kuketi. Mzee Crispus, mwenyekiti, aliyejiona mwerevu kuliko wote, akatoa mbuzi wawili. Watu wazima na mvi zao, jamani!

Akabaki Gertrude, mjane mwenye eka mbili za ndengu, pale pale ndovu wanapoingilia kijijini, na mbuzi mmoja wa maziwa. Ndengu hizo zikiliwa, wajukuu wake hawarudi shule. Akasogea mbele kwa adabu.

"Mwanangu, dawa hii umeijaribu?"

"Mama, mimi nalala nayo porini!"

"Na ndovu?"

"Wakiinusa tu, wanarudi Tsavo mbio."

"Sema kwa sauti, wa nyuma hawasikii."

Silvanus, mpenda sifa, akapanda juu ya kiti akayarudia yote. Makofi yakalia.

"Basi nina ombi dogo tu," akasema Gertrude. "Leo ulale kwenye dungu langu, kile kibanda cha juu cha kulindia shamba. Mbuzi utamchukua asubuhi."

"Leo? Leo nina safari ya Kishushe..."

"Umesema mbele ya watu," akafoka Crispus. "Au dawa ni ya uongo?"

Loo! Mkutano mzima ukamkodolea macho. Silvanus akacheka kicheko kikavu, akakubali. Pikipiki ikafungiwa ghalani mwa Gertrude na ufunguo wake akaushika yeye, eti watoto wasiichezee.

Alfajiri walimkuta dunguni ameikumbatia nguzo, sufuria aliyoipiga usiku kucha imebonyea, naye bado anapayuka, "Toka! Tokeni!" Nyayo za ndovu zilikomea pembeni mwa shamba.

"Dawa kiboko!" Gertrude akapiga kigelegele.

Silvanus angesema nini? Kusema ni kelele zake ni kukiri kuwa dawa ni maji.

"Lakini usiku mmoja huenda ni bahati," Gertrude akaendelea. "Rudia leo, tuwe na hakika. Mbuzi watakungoja."

Akarudia. Halafu tena. Siku kumi na mbili mwerevu wa Voi alipiga sufuria kwa mlo wa ugali na mboga, na kijiji kikalala usingizi ambao hakijaujua tangu mvua zilipoanza. Ya kumi na tatu, ndengu zote zilikuwa ghalani.

"Asante, mwanangu," akasema Gertrude. "Sasa shamba ni tupu, dawa ya nini? Mbuzi tumewarudisha zizini."

Silvanus akafungua kinywa adai haki yake. Sauti haikutoka. Yote ilikwisha kwa ndovu.

Papo hapo wakaingia wazee wanne kutoka upande wa pili wa mlima.

"Tumesikia sifa zako, kijana. Kwetu ndengu bado wiki mbili. Utatusaidia?"

Silvanus akahangaika, akakohoa, akatokwa na machozi. Neno, hakuna.

"Kunyamaza ni kukubali," akasema Gertrude, akawakabidhi wazee ufunguo wa pikipiki.