Kadi ya Mkurugenzi

Kwa mara ya kwanza tangu nchi iwe nchi, Wizara ya Burudani za Mtandaoni iliunda kamati ya kujadili kadi moja. Wajumbe kumi na mmoja, vikao vitano, maji ya chupa kwa kila mjumbe. Mambo makubwa hayataki pupa.

Mchezo wenyewe ulikuwa mali ya serikali. Watu wawili hukutana mtandaoni, kila mmoja na ngome yake, wakatupiana kadi: askari, farasi, mizinga. Ngome ikianguka, umekwisha. Raia waliupenda mno, hata saa za kazi. Mkurugenzi, ambaye ofisi nzima ilimwita Njoo Kesho naye akadhani ni sifa, aligundua kasoro ya mchezo huo. Katika kadi mia mbili, hapakuwa na mkurugenzi hata mmoja.

"Jeshi linasonga tu," alisema kwa uchungu. "Nani kaidhinisha?"

Kiti cha Katibu Mkuu kilikuwa wazi, na Njoo Kesho alikitaka mpaka akawa anakiota. Chema chajiuza, wanasema, lakini cheo lazima ukitembeze. Kadi yenye sura yake ingemfikia kila raia, na Waziri pia.

Fundi wa kompyuta, dada asiyemung'unya maneno, aliuliza kadi hiyo inafanya nini.

"Kufanya?" Mkurugenzi alimtazama kwa huruma. "Binti yangu, mkurugenzi hafanyi. Anaidhinisha."

Ikaandikwa: askari walio upande wa Mkurugenzi wasisonge bila saini yake. Mwanasheria wa kamati akaongeza kwamba saini itoke baada ya zamu saba, kwa heshima ya utaratibu. Je, akiwa semina? Walijadili kutwa nzima. Ikaamuliwa askari wasubiri, na kaimu asiguse kalamu.

"Na adui akimpiga?" Fundi aliuliza.

"Hapigiki," alisema Mwanasheria. "Wala hahamishiki."

"Lakini bosi, mwenye kadi hii atashindwa."

"Atashindwa kwa kufuata utaratibu," Njoo Kesho alijibu, na wajumbe wakagonga meza.

Siku ya uzinduzi, Waziri alicheza hadharani na Waziri wa Barabara, hasimu wake. Wote wawili walikuwa wakikimezea mate cheo cha Waziri Mkuu. Waziri akafungua kwa kadi mpya, na Njoo Kesho alipojiona kwenye skrini kubwa, tai imenyooka, machozi yalimlengalenga.

Askari wa Waziri wakasimama. Farasi mmoja aliyekuwa ameinua mguu akabaki hivyo hivyo. Waziri wa Barabara akabomoa ngome tofali moja moja, bila haraka, huku watazamaji wakicheka mpaka wengine wakakaa chini.

Waziri hakufoka. Alimvuta Fundi pembeni.

"Mwanangu, kadi hii naweza kuiweka upande wa adui?"

"Unaweza, Mheshimiwa. Ndiyo njia pekee ya kushinda nayo."

Jumatatu Njoo Kesho alipokea barua yenye mhuri. Kwa mapendekezo mazito ya Waziri, amekuwa Katibu Mkuu, Wizara ya Barabara. Aliisoma mara tatu, amesimama, kwa furaha isiyo kifani.

Kufikia Ijumaa, kila barabara iliyokuwa ikitengenezwa ilifungwa kusubiri saini. Wiki iliyofuata mawaziri wote wawili waliitwa Ikulu, saa nne kamili, Waziri Mkuu mpya atangazwe. Saa tatu na nusu simu ya Njoo Kesho ikalia.

"Mzee, ni mimi," alisema Waziri. "Nimekwama kwenye kizuizi cha daraja. Mlinzi anataka saini yako."

Njoo Kesho aliguswa. Bosi wa zamani hajamsahau.

"Mheshimiwa, ombi lako nimelipokea. Ni la arobaini na moja. Nikikupendelea, watu watasema nini?"

Saa nne jina la Waziri likaitwa, hayupo. Waziri wa Barabara, ambaye tangu Ijumaa alikwenda kila mahali kwa miguu, aliulizwa kama amemwona mwenzake. Akasema hajamwona. Akaulizwa kama yeye mwenyewe yuko tayari kula kiapo. Akasema yuko tayari.