Ua wa Kibla

Jumatatu, 8 Septemba
Nimeazimia kujenga ua baina yangu na jirani yangu, mwadhini. Shabaha si ua. Ni mlimau! Umesimama hatua mbili ndani ya kiwanja chake, na mwenyewe hata kuupogoa hajui. Jiwe la mpaka limesalia moja tu, la barabarani. Nimemtangazia kwamba kutoka hapo nguzo zitafuata kibla, kama mswala wangu ulivyotandikwa chumbani miaka thelathini. Nani abishane na kibla? Akakohoa, akasema, "Hewala, Maalim." Jirani mwepesi ni neema.

Jumanne, 9 Septemba
Mashimo manane. Kina chake theluthi ya urefu wa nguzo, kokoto chini ili maji yasiozeshe mti. Mwadhini, ameuegemea mlimau (wangu!), akashauri nishindilie udongo tu, tabaka kwa tabaka. Nguzo ya udongo, alisema, ukikosea unaing'oa. Nikamjibu kwamba sikosei. Zege!
Mke wangu akauliza natafuta nini, na malimau tunaletewa kapu zima kila Ijumaa. Nikasema vya kupewa vina masimango. Akauliza ni nani aliyewahi kunisimanga. Hapo nikakumbuka kuchekecha mchanga.

Jumatano, 10 Septemba
Zege limemiminwa. Kila nguzo ina magongo mawili ya kuiegemeza. Nimepima kwa timazi: wima kama alifu. Mlimau umo upande wangu. Nimechuma limau moja, nikalila na ganda lake.

Ijumaa, 12 Septemba
Fedheha. Baada ya sala mwadhini alinisifu mbele ya jamaa wote: ua wa kwanza mtaani kuelekea kibla! Wakaja kuutazama. Baharia mstaafu akatoa dira. Akaitazama. Akanitazama. "Maalim," akasema taratibu, "huku unaelekea kiwanda cha matofali."
Kibla ya kweli inakata katikati ya banda langu la kuku. Kwa kauli yangu mwenyewe, nusu ya banda ni ya mwadhini! Na sala zangu za chumbani? Mola ni mwingi wa rehema.
Mwadhini hakutaka kuku. Alitaka nguzo zitoke kwenye mlimau wake, basi. Kapu la malimau limeletwa vilevile.

Jumamosi, 13 Septemba
Nyundo tangu alfajiri. Imeng'oka nguzo moja. Zege langu, nasema bila kujisifu, ni bora mno. Mwadhini alikuja na mtaimbo wake kunisaidia. Adhuhuri tu ndipo aliposema, "Udongo, Maalim. Nilisema udongo."

Jumapili, 14 Septemba
Mikono imevimba, akili ni timamu. Kosa halikuwa langu, lilikuwa la mswala. Sasa naugeukia mpaka wa nyuma, kwa mshonaji. Ana mpapai. Kibla sitaitaja kabisa. Nitafuata pale jua linapochomoza, maana jua halihamihami. Mke wangu akauliza kama safari hii nitashindilia udongo.
Udongo? Nimeagiza saruji mifuko sita.