Darubini ya Sekela na Baba Mkwe Wangu

Leo nimepatikana. Na walionipata ni wengi, kwa hiyo bora msikie kwangu kabla video haijawafikia.

Mnakijua kikundi chetu cha kutazama ndege hapa Tukuyu. Watu watano, buti za mvua, chupa ya chai na maneno mengi. Mwaka huu tumekubaliana kwenda nje ya nchi, ila safari iwe ya bei nafuu. Mimi nikasema Malawi. Nilikuwa wa kwanza kusema! Tunavuka mpaka pale Kasumulu asubuhi, ndizi zetu za kuchemsha kwenye begi, ndege tele, mfuko haulii. Wenzangu wakaitikia "mmh" wakaendelea kunywa chai.

Akaja Sekela. Sekela ni rafiki yangu (mpaka leo asubuhi alikuwa). Ana darubini mpya aliyoletewa na kaka yake kutoka Dar, na tangu aipate hata kikohozi chake watu wanakisikiliza. Akasema, "Mimi naona twende Uganda, tukamwone yule ndege mwenye mdomo kama kiatu."

Makofi! Mwenyekiti wetu, Issa, muuza vitenge, mtu mzima na ndevu zake, akasimama kabisa kupiga makofi.

Niliumia, sifichi. Nauli ya Malawi ninayo. Ya Uganda sina. Wakienda huko mimi nabaki hapa na migomba, natumiwa picha za Sekela akicheka na kiatu chake. Wivu ulinikaba mpaka chai ikanipalia.

Issa akaona tutagombana, akaamua: "Leo twendeni Masoko. Atakayetuonyesha ndege ambaye kikundi hakijawahi kumwona, huyo ndiye atakayechagua nchi."

Sasa Masoko ni nyumbani kwao mume wangu, Ambokile. Na msio Wanyakyusa naomba mnisikilize hapa. Kwa mila zetu mke hamwangalii baba mkwe. Hamsalimii, hali naye, jina lake halitamki (hata hapa silitaji, msiniulize). Akitokea huku, wewe unapotelea kule. Wengi siku hizi wameacha. Wa kwangu hajaacha. Miaka yote ya ndoa namjua kwa kikohozi chake tu, kile kikavu cha mara mbili, nikikisikia nakimbilia jikoni.

Nikampigia Ambokile. "Mzee yupo?"

"Yuko Matwebe msibani. Leo harudi."

Nikavaa suruali ya Ambokile (suruali, jamani!) nikaondoka kifua mbele.

Masoko ukungu ulikuwa umekaa juu ya migomba na hauna haraka. Tulizunguka weee. Kila tulichokiona tulikuwa tumeshakiona. Darubini yangu ya zamani ina jicho moja lililoingia maji, kwa hiyo mimi nilikuwa naona ukungu wa nje na ukungu wa ndani. Nikameza aibu.

"Sekela, hebu niazime yako kidogo."

"Chukua, mpenzi. Ila ishike taratibu, hujaizoea."

Hujaizoea! Nikaivaa shingoni. Nikaielekeza ng'ambo ya kibonde, kwenye shamba la maharage chini ya migomba.

Mama yangu! Kitu kikubwa. Cheusi. Shingoni chekundu. Kinatembea taratibu, kinainama, kinadonoa.

"Simameni hapo hapo!" nikapiga kelele. "Hondohondo! Yule mkubwa wa kutembea chini!"

Huyo kikundi hakijawahi kumwona. Malawi niliiona hii hapa, na uso wa Sekela ulivyonywea ndio ulionipendeza kuliko hata ndege. Simu zikatolewa, Issa akaanza kurekodi.

"Tuelezee, Atupele," akasema, "maana wewe ndiye unayeona vizuri."

Nikaelezea! Sauti ya juu, nikimtazama Sekela kwa pembeni.

"Ni dume! Limezeeka hilo! Manyoya ya mgongoni yamechujuka kabisa! Linakula kwa uchu, oneni linavyobinua makalio!"

Sekela akachungulia kwenye simu ya Issa, akauliza polepole, "Mbona kama limevaa vifungo?"

"Wivu huo, Sekela," nikamjibu. "Kubali tu."

Hondohondo akakohoa.

Kikavu. Mara mbili.

Jamani. Miguu ilijua kabla ya kichwa. Ukungu ukapanda kidogo, kitu kile kikanyooka, na ndani ya darubini ya Sekela nikamwona baba mkwe wangu, yule wa msibani asiyerudi leo, mzima mzima: koti lake jeusi la mvua, skafu nyekundu ya sufu, konzi ya maharage mkononi. Miaka yote hiyo namkwepa hata kivuli, leo nimemvuta karibu mpaka nimeona ndevu alizosahau kunyoa.

Nikageuka nikimbie. Mkanda wa darubini ukanasa kwenye tawi la mkahawa. Nikavutika, nikateleza, nikatua kwenye mfereji, kichwa ndani, suruali ya Ambokile juu, ikimwelekea mwenye mwana.

Mzee akatusalimia kwa Kinyakyusa kutoka ng'ambo, "Mugonile! Huyo aliyeanguka ni wa nani?"

Nikaomba Mungu Issa apoteze sauti. Lakini Issa babu zake walikuja kufanya biashara, mambo ya ukwe wetu hayajui vizuri, na ana adabu kupita kiasi.

"Ni mkweo, mzee! Mke wa Ambokile! Atupele, toka huko uje umsalimie baba!"

Nilipochungulia kwa jicho moja, mzee alikuwa ameshatupa mgongo na anaondoka mbio kuelekea nyumbani, koti linapepea. Na yeye alikuwa ananikimbia mimi. Maharage yake alikuwa ameyamwaga njiani.

Kura zilipigwa nikiwa bado mferejini. Uganda. Sekela alininyanyua, akanifuta tope usoni kwa kitambaa chake kizuri, akasema, "Pole, mpenzi." Nilitamani angenicheka tu.

Nimerudi Tukuyu nimejifungia ndani. Nalia kwa aibu, halafu nalia kwa ajili ya Uganda. Simu ikaita. Mama mkwe.

"Atupele, baba yako ananiuliza. Hiyo safari yenu aliyotuambia Ambokile, Malawi ni mbali?"

"Hapana mama, ni hapo tu."

Nikasikia mnong'ono. Kikohozi.

"Na Uganda?"

"Uganda mbali sana, mama. Ila nauli sina."

Mnong'ono tena, mrefu.

"Anasema kuna mbuzi atamuuza. Uende Uganda. Na anasema usiharakishe kurudi."

Kwa hiyo naenda, jamani. Kiti cha pembeni yangu ni cha Sekela, ameshaniandikia kwamba darubini yake tutaitumia wote. Nimemshukuru. Ndege wa kiatu nitamtazama kwa macho yangu haya haya. Darubini nawaachia wasio na wakwe.