Ni Kola, Si Ukorofi

Kwako Ndugu Mhariri, natumaini u mzima wewe na wote unaogombana nao hapo ofisini.

Mimi ni fundi cherehani, na gazeti lako nalisoma lote kabla sijalikata kuwa kipimo cha mikono ya mashati. Juzi mliuliza ukurasa mzima kwa nini baadhi ya viongozi wa dunia wanaonekana wachokozi. Mmewahoji maprofesa, mmewahoji mabalozi wastaafu. Fundi hata mmoja! Nimeumia, tena sana.

1. Tazameni picha zenu wenyewe. Kiongozi anapiga meza, kola imefungwa hadi kifungo cha juu, tai imekazwa. Shingo imenona tangu ashike madaraka, kipimo ni kilekile cha zamani. Damu haipandi, haishuki. Mtu kama huyo ukimsalimia tu anaona umemtukana. Hasira hasara, walisema wahenga, ila walisahau kusema inaanzia wapi. Inaanzia shingoni.

2. Ushahidi ninao nyumbani. Juma lililopita wazazi wa mchumba wa binti yangu walikuja kuleta posa. Msemaji wetu ni kaka yangu mkubwa. Nilimshonea shati jipya kwa kipimo cha ujana wake, maana kupimwa upya alikataa katakata, eti hajanenepa. Wageni hawajamaliza chai, kaka kasimama, mishipa imemtoka, anawauliza wametumwa na nani! Wakaanza kutafuta viatu vyao. Tangu hapo mwanangu analia tu, na mama yake anasema ukoo wetu mzima ni wagomvi, ni damu. Damu gani, jamani? Ni kola!

3. Kwa hiyo mikutano yote ya amani ianze kwa kufungua kifungo cha juu. Kila kiongozi aketi na fundi wake, na akitaja mabomu tu, fundi asimame na mkasi.

4. Mkiichapa barua hii, wakwe wataisoma, wataelewa, na binti yangu ataolewa. Msipoichapa nitajua nanyi mmekabwa, na nitakuja na mkasi wangu kuanza na wewe. Nasema kwa heshima zote.

Nisalimie wapiga picha, wapiga chapa, na mlinzi wa getini. Huyo mwambie asijaribu kunizuia.

Ni mimi mpenda amani,
Fundi wa nyuma ya soko

N.B. Kabla sijabandika bahasha, wakwe wamerudi wenyewe. Waungwana kweli, walishasamehe. Kaka alikuja amevaa fulana isiyo na kola, mpole ajabu. Ila baba wa mchumba akakalia kitambaa cha mteja nilichotoka kukipiga pasi, nami nikamwelekeza kidogo. Wamekimbia, na safari hii viatu wameviacha. Shati sikuwa nimevaa, Mhariri. Nilikuwa kifua wazi, kwa sababu ya joto. Binti yangu anauliza kama gazeti lenu linapokea matangazo ya kutafuta baba.